Daftari Libaki Ufukweni

Kila mwaka kiangazi kinapoingia na shule zinapofungwa, ufukwe wa Ziwa Tanganyika hujaa watu. Hutoka katika mitaa yote ya Bujumbura, tangu Kinama na Kamenge upande wa kaskazini hadi Kanyosha upande wa kusini. Wengine hutoka Gitega na Ngozi, na wengine huvuka mabara, wakiwa ni ndugu zetu waishio ng'ambo au wageni waliosikia sifa za ziwa hili. Miongoni mwao wapo wasiotosheka na kukaa mchangani. Hao hutaka kuingia katika mitumbwi miembamba iitwayo kayaki, ambayo mtu huiendesha kwa kasia lenye bapa katika kila ncha, wakafuata ukingo wa ziwa nyuma ya kiongozi. Wakifika penye miamba huvaa miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia, wakalala kifudifudi juu ya maji, wakawatazama samaki.

Matembezi hayo ni mema. Yanampa mtu afya na burudani, yanamletea kijana wetu ajira, na yanawafundisha wenyeji na wageni thamani ya ziwa. Hatuandiki leo ili kuyapinga. Tunaandika ili kuwauliza ndugu zetu wa jeshi na polisi swali moja: kundi la watu kumi linapoondoka ufukweni asubuhi, ni nani aliyebaki nchi kavu anayejua kwamba walikuwa kumi?

Askari hawezi kulidharau swali hilo. Kikosi hakitoki kambini pasipo kuhesabiwa, wala doria haitumwi pasipo kupewa njia ya kupita na saa ya kurudi. Saa hiyo ikipita na doria haijaonekana, mkuu wa zamu hangojei kuche, anachukua hatua. Nidhamu hiyo, ambayo kwa askari ni jambo la kila siku, ndiyo inayokosekana mara nyingi katika matembezi ya majini, na kukosekana kwake kumewaua watu katika nchi tajiri na katika nchi maskini.

Kwanza tulitazame ziwa lenyewe. Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670, na kina chake hufikia mita 1,470. Katika dunia nzima ni Baikal peke yake, kule Urusi, linalolipita kwa kina. Nchi nne zinalimiliki kwa pamoja: Burundi, Tanzania, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wengi wetu tunamjua mukeke na ndagala kwa kuwa tunakutana nao sahanini. Lakini katika miamba ya ukingoni wanaishi samaki wadogo wa rangi nyingi, wa jamii ya perege, ambao aina zao zaidi ya 200 hazipatikani katika ziwa wala mto mwingine wowote duniani. Watu wa Ulaya na Marekani huwafuga majumbani mwao ndani ya masanduku ya kioo. Basi si ajabu mgeni akisafiri maelfu ya kilomita ili awaone mahali walipozaliwa.

Hata hivyo, si kila pembe ya ziwa inafaa. Penye mdomo wa mto Rusizi maji yana matope, na hifadhi iliyopo hapo ni makao ya viboko na mamba. Sifa za Gustave, yule mamba mkubwa ambaye majaribio ya kumnasa yalishindikana, zimefika hata katika filamu za Marekani. Kiboko naye hutoka majini kwenda malishoni jioni inapoingia, na mtumbwi uliomzibia njia huwa ni adui yake. Kwa hiyo kiongozi anayejua kazi yake huwapeleka watu wake upande wa kusini, kuelekea Rumonge, ambako kuna miamba na maji maangavu, na huwarudisha jua lingali juu.

Lakini hatari kubwa kuliko mamba ni ile isiyo na meno. Katika miezi ya kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini-mashariki huvuma juu ya ziwa. Sisi tuko ukingo wa mashariki, kwa hiyo upepo huo kwetu hutokea upande wa nchi kavu. Alfajiri nayo huwa na upepo mwepesi ushukao kutoka milimani kuelekea majini. Upepo utokao nchi kavu una hila: karibu na ukingo maji hutulia kama yaliyomo kikombeni, kwa sababu ardhi inayakinga, mawimbi huanzia mbele, mahali ambapo asiyejua hayaoni. Mtu hupiga kasia kwa furaha akijiona hodari, kumbe upepo ndio unaomsukuma. Siku ya kugeuka ndipo anapopata kujua kwamba nguvu hazikuwa zake. Wahenga walisema kwamba maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Aliyevaa miwani na mrija naye yumo katika hatari yake mwenyewe. Uso wake umo majini na masikio yake yamejaa maji. Hasikii mwito wala injini ya boti. Macho yake yako chini penye samaki, kwa hiyo hatambui kwamba mkondo unamhamisha kidogo kidogo. Mwenye kuendesha boti ya injini haoni ila mrija mdogo, na mara nyingine hata huo hauoni. Zaidi ya hayo, mtu anayezama kwa kawaida hapigi kelele. Pumzi ya kupigia kelele hana. Ndiyo sababu kiongozi mmoja hawezi kuogelea pamoja na wageni wake na papo hapo kuwalinda. Ni lazima awepo mwingine juu ya maji, asiye na kazi nyingine ila kutazama na kuhesabu.

Haya si maneno ya kuwatia watu hofu. Tarehe 22 Machi 1993, huko Uingereza ya kusini, wanafunzi 8 na mwalimu wao waliondoka mji wa Lyme Regis kwa kayaki, wakiongozwa na wakufunzi 2 wa kituo cha michezo, waelekee Charmouth, mwendo wa kilomita chache tu kando ya pwani. Upepo ulikuwa ukitoka nchi kavu. Uliwatawanya na kuwasukuma baharini, mitumbwi ikapinduka. Hawakuwa na fataki za kuombea msaada. Walitarajiwa kufika adhuhuri. Lakini taarifa haikuwafikia walinzi wa pwani mpaka saa tisa alasiri ilipokwisha kupita. Vijana wanne walikufa katika maji yale ya baridi. Mwaka uliofuata mahakama iliitia hatiani kampuni yenyewe kwa kosa la kuua bila kukusudia, na mkurugenzi wake akapelekwa gerezani. Ilidhihirika kwamba wakufunzi wawili wa zamani walikwisha kuionya kampuni kwa barua kuhusu usalama. Mwaka 1995 Bunge la nchi hiyo likatunga sheria ya kuvisimamia vituo vinavyowapeleka vijana katika michezo ya namna hiyo.

Tuyapime mambo hayo kwa akili ya askari. Upepo peke yake haukuwa na uwezo wa kuwaua vijana wale. Waliuawa na upepo pamoja na saa zilizopita bila mtu yeyote kupeleka taarifa. Nchi ile ilikuwa na helikopta, boti za uokoaji na watu waliofunzwa, lakini vyote vilikaa tayari pasipo kuitwa, kwa sababu nchi kavu hapakuwa na mtu aliyeitazama saa na kusema, "Wamechelewa, tuanze."

Kisa cha pili ni cha Australia. Tarehe 25 Januari 1998 boti moja iliwapeleka wageni kuzamia katika matumbawe ya kaskazini-mashariki ya nchi hiyo. Wakati wa kurudi watu walihesabiwa vibaya, na boti ikaondoka ikiwaacha baharini mume na mke, wote wawili Wamarekani. Kosa hilo halikugunduliwa usiku huo wala kesho yake. Siku mbili zilipita kabla ya mtu kuona kwamba mizigo yao ilikuwa bado imo botini. Msako mkubwa ulifanywa, lakini hawakupatikana kamwe. Wawili hao hawakupotezwa na dhoruba wala na papa. Walipotezwa na hesabu.

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni mambo ya mbali. Basi tutazame nyumbani, katika ziwa la jirani. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, katika Ziwa Victoria, ikiwa imepakia watu wengi kupita kiasi. Waliokufa wanahesabiwa kuwa zaidi ya 800. Lakini idadi yao kamili haikuweza kujulikana, kwa kuwa abiria wa daraja la chini hawakuandikwa katika orodha. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kilipokuwa kikikaribia kisiwa cha Ukara. Kilijengwa kuchukua watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Waokoaji walipouliza ni wangapi waliokuwamo, hapakuwa na wa kuwajibu, kwani hesabu ya tiketi ilikuwa imezama pamoja na kivuko na mwenye kuzikata.

Hapo ndipo lilipo fundisho tunalotaka kulisisitiza. Orodha iliyomo chomboni si orodha, kwa sababu siku inapohitajiwa huwa imo chini ya maji. Orodha ya kweli ni ile inayobaki ufukweni, mikononi mwa mtu ambaye hasafiri. Mtumbwi wa watu wawili na meli ya watu mia nane ni sawa katika jambo hili. Na katika nchi yoyote mtu asiyesafiri, aliye kazini saa zote, mwenye daftari, saa na njia ya kupeleka habari, ni askari wa zamu.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza utaratibu mwepesi. Kila kundi linalotoka kwa kayaki au kwa kuogelea na miwani liandikishe habari zake katika kituo cha polisi au cha doria kilicho karibu na ufukwe: jina la kiongozi na namba ya simu yake, idadi ya watu, na wangapi kati yao ni watoto, rangi na idadi ya mitumbwi, njia watakayoifuata, na saa ya kurudi. Waliotoka wahesabiwe kwa macho, si kwa kuulizwa. Wakirudi wahesabiwe tena, na jina la kundi lifutwe. Nusu saa ikipita baada ya saa iliyoandikwa, simu ipigwe. Isipojibiwa, boti itoke. Asiwepo mtu wa kusema, "Tungoje kidogo, labda wamekaa kula samaki." Wakikutwa wanakula samaki, hakuna hasara ila mafuta kidogo ya boti.

Tukumbuke pia kwamba maji yetu yanatupa neema ambayo vijana wale wa Uingereza hawakuipata. Juu ya Tanganyika maji huwa na joto la nyuzi 24 au zaidi. Mtu aliyevaa jaketi la kuokolea maisha na kuushika mtumbwi wake uliopinduka anaweza kukaa humo saa nyingi na akaishi. Hii ina maana kwamba kwetu msako una muda wa kufaulu, maadamu umeanza. Lakini usiku wa nchi zetu hauna jioni ndefu: saa kumi na mbili na nusu giza limekwisha kufunga. Saa iliyopotea alasiri haipatikani tena usiku.

Jambo la pili linalotakiwa kwa askari ni kuitia nguvu amri ya kurudi. Kiongozi wa matembezi, mara nyingi kijana mdogo, huona wingu au huhisi upepo umebadilika. Lakini wageni wamelipa fedha, mwenye kampuni anataka fedha hizo zisirudishwe, na mzee mmoja katika kundi anasema kwamba yeye ameogelea katika bahari kubwa kuliko hii. Kijana akinyamaza, kundi zima limo hatarini. Askari aliyepo ufukweni anaweza kumsimamisha wima kwa neno moja: "Kiongozi amesema leo hapana, basi ni hapana." Asiyekuwa na jaketi asitoke, awe mgeni au mwenyeji, awe raia au afisa. Na afisa akiwa mapumzikoni, hapo yeye ni abiria tu. Amri ni ya kiongozi wa mtumbwi.

Jambo la tatu ni gumu zaidi kulitamka, lakini ni la lazima. Daftari hili lisigeuzwe kibanda cha ushuru. Siku mtu atakapotakiwa kutoa kitu ili jina lake liandikwe, siku hiyo makundi yataanza kuondokea vichochoroni, mahali pasipo na kituo, na daftari litabaki jeupe. Halafu siku ya msiba tutamlaumu marehemu kwa kutojiandikisha. Vilevile mgeni mwenye miwani na mrija asidhaniwe kuwa ni mpelelezi kwa sababu tu amekaribia mpaka wa maji. Ziwa halina ukuta. Mtumbwi uliosukumwa na upepo huweza kuelekea upande wa Kongo pasipo kukusudia. Anayesukumwa na upepo anahitaji kamba kwanza, na maswali baadaye.

Wapo watakaosema kwamba polisi na askari wana kazi nzito kuliko kuhesabu watu walio likizoni. Twawajibu kwa mfano ulio pwani ya Zanzibar. Kisiwa kidogo cha Chumbe, kusini ya mji wa Unguja, kina mojawapo ya matumbawe yaliyohifadhika vizuri katika Afrika Mashariki. Sababu mojawapo ya kuhifadhika kwake ni ya kijeshi: wavuvi hawakuruhusiwa upande wake wa magharibi kwa kuwa ni njia ya meli, na pwani iliyo mkabala nao ilikuwa uwanja wa mazoezi ya shabaha. Mwaka 1994 matumbawe hayo yalitangazwa rasmi kuwa hifadhi. Watu waliochaguliwa kuyalinda walikuwa wavuvi wa vijiji vya karibu. Walifunzwa, wakawa askari wa hifadhi wasiochukua silaha na waongozaji wa wageni. Mgeni haogelei kokote atakako. Huongozwa katika njia iliyowekwa, na kuzama kwa mitungi ya hewa hakuruhusiwi kwa wageni. Hapo mwenye kulinda na mwenye kuongoza ni mtu mmoja, na silaha yake ni macho yake na maarifa ya maji aliyoyapata tangu utotoni.

Sisi nasi tunao watu wa namna hiyo. Kinama haiko ufukweni, lakini wamo vijana wake ambao siku zao hupita ziwani, wakisukuma mitumbwi, wakivuta nyavu na kupakua ndagala. Kijana kama huyo anaujua upepo kuliko kitabu chochote. Akifundishwa kumwokoa anayezama, kumpa pumzi aliyezimia na kuzungumza na mgeni kwa adabu, atakuwa kiongozi ambaye mtu anaweza kumkabidhi mtoto wake. Jeshi na polisi wanao wakufunzi wa kuogelea na wa huduma ya kwanza; siku chache za mafunzo kabla ya kiangazi hazitalidhoofisha jeshi. Na kijana aliyefunzwa na askari leo ndiye atakayekuwa wa kwanza kumpigia askari simu kesho.

Tena ziwa lenyewe limebadilika, na mazoea ya zamani hayatoshi. Mwaka 2024 maji yalipanda mno, yakafunika fukwe na kuingia katika nyumba za Gatumba na za mitaa iliyo kando ya ziwa. Maji yakipanda hivyo huzificha kuta, nguzo na nyaya zilizokuwa nchi kavu, na mwogeleaji huweza kuumia mahali alipocheza mpira miaka michache iliyopita. Jambo hili nalo liandikwe katika daftari: wapi pameonekana kitu kilichozama, wapi viboko wamehamia, wapi pasiendeke. Hivyo daftari litakuwa ramani inayosahihishwa kila siku na wale wanaoliona ziwa kila siku.

Ndugu askari, mitaa yetu ya kaskazini imeyajua machungu ya vita vya miaka ya 1990, wakati ambapo mtu alipoiona sare alijiuliza kwanza kama akae au akimbie. Imani haijengwi kwa hotuba. Hujengwa pale mama wa Kinama anapojua kwamba mwanawe aliyekwenda ziwani ameandikwa mahali, na kwamba saa yake ikipita yupo mtu mwenye sare atakayeinuka kitini kabla yeye mwenyewe hajaanza kulia. Kwa kalamu moja, daftari moja na saa ya ukutani, kazi hiyo yaweza kuanza kiangazi hiki.

Basi kila mkuu wa kituo kilicho ukingoni mwa ziwa, kuanzia Gatumba hadi Nyanza-Lac, na aanze na jambo dogo: jioni, jua linapokaribia milima ya Kongo, afungue ukurasa wa siku hiyo na kuuliza kama majina yote yamefutwa. Likibaki hata moja, asilale.